Maneno ya Zamani, Melodi Mpya



Kwaya yetu imegawanyika mara mbili. Wengine wanataka tuchukue nyimbo za kitabu, maneno yabaki yale yale, lakini tuyape melodi mpya. Wanasema: « Vijana wanakimbia, banaenda kwenye gitari na klavye. » Wengine wanajibu: « Hizi nyimbo ziko za bazee, musiziharibu! » Niliombwa kuandika maoni, na sitaficha upande wangu. Mimi niko pamoja na wale wanaotaka kubadilisha, lakini si kwa sababu wanazotoa wao.

Kwanza, wengi kati yetu wanafikiri kwamba maneno na melodi vilizaliwa siku moja, kama mapacha. Si hivyo. John Newton, yule Mwingereza aliyekuwa kapiteni wa meli za watumwa kabla ya kuwa mchungaji, alitoa kitabu chake cha nyimbo katika mwaka 1779. Wimbo wake juu ya neema, unaojulikana leo kuliko zote, haukuwa na melodi tunayoijua sisi. Melodi ile iliunganishwa nao huko Marekani mwaka 1835, katika kitabu cha William Walker. Hesabu mwenyewe: miaka 56, na Newton alikuwa kaburini tangu 1807. Au tuseme Charles Wesley, ambaye ndugu zetu Wametodisti wanamjua sana. Wimbo wake wa Noeli juu ya malaika ni wa 1739. Melodi yake ya leo ilitungwa na Mendelssohn mwaka 1840, kwa sikukuu ya kukumbuka Gutenberg na uchapaji wa vitabu, na mtu mwingine akaiunganisha na maneno ya Wesley katika 1855. Mendelssohn mwenyewe alikuwa ameandika kwamba melodi hiyo haitafaa kwa maneno matakatifu! Leo dunia nzima inaiimba kanisani.

Basi, anayesema kubadilisha melodi ni dhambi, atueleze kwanza habari ya hao.

Sasa sababu yangu mimi. Chukua neno « mwokozi ». Unapolisema, uzito uko wapi? Uko kwenye « ko ». Katika « Bwana » uko kwenye « Bwa ». Kiswahili kinaweka uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara. Lakini Kiingereza kina nyimbo nyingi ambazo mstari unaanza kwa noti nyepesi na kuisha kwa noti nzito. Wamisionari walipotafsiri, walihesabu silabi vizuri, nane juu, sita chini, nane, sita, hesabu haina kosa. Lakini uzito ulianguka vibaya. Ndiyo maana tunaimba mwoko-ZI, Bwa-NA, nee-MA. Hakuna mama anayemwita mtu namna hiyo sokoni. Tumezoea tu, hatusikii tena.

Kwa Kiluba taabu ni kubwa zaidi. Kila Muluba anajua kwamba lugha yetu ina sauti ya juu na sauti ya chini, na neno likipandishwa mahali pa kushuka linaweza kuwa neno lingine, au likawa kelele tu. Melodi ya Ulaya inapanda na kushuka kwa mapenzi yake, haimwulizi Muluba kitu. Tena ubeti wa kwanza una maneno yake na wa pili yake, lakini melodi ni ile ile, kwa hiyo hata kama ubeti mmoja umepona, mwingine utaumia. Mtu aliyekwisha kujua wimbo kwa moyo anaelewa. Mgeni anayesikia mara ya kwanza anabaki kuuliza: wamesema nini? Nyimbo zilifanywa ili watu wasikie Injili. Kama hawasikii, tunaimba kwa ajili ya nani?

Mfano mzuri hauko mbali. Uko hapa Kamina, mji mkuu wa jimbo letu. Mwaka 1953 padri mmoja Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alifika pale, akaunda kwaya ya watoto wa masomo: wavulana wapata 45 wa miaka 9 hadi 14, na walimu wapata 15. Wakaipa jina la mfalme Baudouin. Kutoka kwao ikazaliwa Missa Luba, iliyoimbwa katika misa kule Kamina katika Machi 1958. Mwaka ule ule watoto wakapelekwa Ulaya, wakaimba kwenye maonyesho makubwa ya Bruxelles. (Najua, walikuwa Wakatoliki. Wimbo mzuri hauombi kadi ya ubatizo.)

Angalia walivyofanya. Maneno hawakuyagusa: Kigiriki cha Kyrie na Kilatini cha sehemu nyingine, maneno yaliyokuwa yameimbwa kanisani karne nyingi. Lakini melodi ilitoka kwa watu wa huku na wa Kasai, na sehemu kubwa haikuandikwa, waimbaji waliitengeneza wenyewe wakiimba. Na hawakuokota melodi yoyote tu. Ombi la rehema walilipa namna ya maombolezo. Imani inapofika mahali pa kusulubiwa, ngoma inatoa habari ya kifo, kama inavyofanya kijijini. Sanctus ikapata namna ya wimbo wa kuagana. Hata mtu asiyejua Kilatini angejua mahali pa kulia na mahali pa kusimama. Mwaka 1968 sinema moja ya Uingereza, If...., ilitumia Sanctus ile, nayo ikajulikana mbali sana. Lakini uliza klasi yetu ya sita ni nani amekwisha kuisikia. Mimi niliuliza. Mikono miwili.

Tanzania nako walifanya kazi hii. Howard Olson, mwalimu wa chuo cha Walutheri cha Makumira, alikusanya nyimbo zenye melodi za Kiafrika katika kitabu kilichotoka 1968.

Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu wa gitari wanapochukua wimbo wa toba na kuuwekea seben, watu wakaruka. Huko si kubadilisha melodi kwa ajili ya maneno, ni kuyazika. Na tusidanganyane: seben tuliyoipokea kutoka redio ya Kinshasa si ya nyanya zetu wa Kabongo kuliko melodi ya Mwingereza.

Tena wazee wana neno moja ambalo sisi vijana hatutaki kulisikia. Usiku wa matanga, taa ya petroli imezimika, hakuna kitabu, hakuna mwenye kuongoza. Mama mmoja anaanzisha wimbo, na kabla ya mstari wa pili kiwanja chote kinaimba kwa sauti nne, wanaume chini, soprano juu, bila mtu kuonyesha solfa. Nguvu ile imejengwa miaka mingi. Siku moja mwaka jana, kwenye matanga ya jirani, vijana walianzisha wimbo ule ule na melodi yao mpya. Wamama walinyamaza. Hawakukasirika, walinyamaza tu, kwa kuwa hawakuwa na mahali pa kuingilia. Mjane alikuwa katikati yao. Nilijiuliza tumempa nini usiku ule, na tumemnyang'anya nini.

Katika repetisyo tulijaribu njia nyingine. Tulichagua wimbo mmoja wa shukrani, tukautafutia melodi kwa namna wamama wanavyoimba wakitwanga: mmoja anatupa mstari, wote wanapokea. Kwanza tulisema maneno polepole bila kuimba, mwalimu akipiga meza mahali pa uzito. Halafu tukaacha melodi ifuate. Ubeti wa kwanza ulikaa vizuri, na hata wapishi wa internati walikuja mlangoni kupokea kiitikio bila kufundishwa. Ubeti wa pili pia. Wa tatu umekataa: mstari wake wa mwisho ni mrefu mno, na tukiukata, jina la Yesu linabaki peke yake kama mtu aliyeachwa na lori. Wengine wanasema tubadilishe neno moja. Mimi nakataa, maneno ni ya zamani na yabaki.

Tumekubaliana hivi: melodi mpya kwa ibada ya asubuhi hapa masomoni, ya kitabu kwa matanga, mpaka wamama wenyewe watakapoomba nyingine. Juu ya ubeti wa tatu, mwenye mawazo amwone katibu wa kwaya Jumatano baada ya masomo, na basi za klasi ya nne wasikose tena.