Doa Kwenye Khanga

Kazi yangu ni kusoma picha za eksirei na kuandika ripoti. Katika zote nilizoandika, ipo sentensi moja ambayo hadi leo inanikosesha usingizi: "Hakuna dalili ya maambukizi."

Niliiandika chini ya picha ya nyonga bandia ya bibi mmoja. Alikuwa amewekewa miaka miwili nyuma baada ya kuvunjika shingo ya paja, na tangu siku ya upasuaji maumivu hayakuwahi kumwacha. Hilo peke yake ni onyo. Nilimkuta kwenye benchi, nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akaitikia, huku akivuta khanga afunike paja. Khanga ilikuwa na doa bichi, kubwa kama sarafu ya mia mbili. Nililiona. Nikadhani amemwagikiwa chai.

Picha ilikuwa safi. Shina la chuma limekaa sawasawa, wala hapakuwa na mstari mweusi kati ya saruji na mfupa. Kwa kuiamini ripoti yangu, daktari wake akamwandikia dawa za maumivu, naye bibi akarudi kijijini.

Eksirei inaweza kuonesha kuwa nyonga imelegea, lakini haisemi kama imelegezwa na usaha au na uchakavu. Na maambukizi yakiwa bado hayajala mfupa, picha hutoka safi kabisa. Nilifundishwa haya, nikafaulu mtihani wake. Hata skani ya mifupa ya nyuklia ina mtego wake: mfupa unaweza kuendelea kung'aa mwaka mzima na zaidi baada ya upasuaji, bila mdudu yeyote. Ilinipasa kuandika: "Nyonga haijalegea. Picha hii haitoshi kuondoa shaka ya maambukizi. Apimwe damu, CRP na ESR. Maji ya kiungo yavutwe yakaoteshwe maabara kabla hajaanzishiwa antibiotiki."

Baada ya miezi minne alirudi akiwa amebebwa. Safari hii niliongoza sindano mwenyewe kwa ultrasaundi, na bomba likajaa usaha mzito kama uji. Nilipofunua kovu nikakuta tundu dogo linalovuja. Tundu la namna hiyo, likiwa limefika kwenye kiungo, ni ushahidi tosha hata kabla ya picha yoyote.

"Bibi, hili lilianza lini?"

"Kabla ya ile picha ya kwanza, mwanangu. Nilidhani umeliona."

Nyonga ilibidi itolewe. Nilimwomba radhi mbele ya wanawe. Alinisamehe upesi kuliko nilivyostahili.

Wenzangu tunaosoma picha, ombi likija limeandikwa "maumivu ya nyonga bandia", tusiandike neno kabla ya kumwomba mgonjwa atuoneshe kovu. Nawe uliyewekewa kiungo bandia, jeraha likivuja hata tone moja, litaje bila kuulizwa. Usingoje daktari aone doa.