Mdogo wangu alisikia jina lake kwenye redio yangu

Wasomaji wetu, mmezoea kunisikia nikitoa habari za hapa Mutoshi: bei ya mawe, mashimo yaliyofunika watu, vumbi la barabara, maji yanayokosekana. Leo nasema juu ya nyumba yetu wenyewe. Najua kuna nyumba nyingi hapa Kolwezi zinazoficha jambo kama hili. Nilimwomba mdogo wangu ruhusa, naye akasema: “Andika, yaya, lakini jina langu uliache.” Nimeliacha.

Alikuwa na miaka 21. Alibeba mifuko ya mawe kutoka mashimoni na kuyaosha mtoni, kazi ambayo vijana wengi wa hapa wanaijua. Siku moja nilirudi kutoka redioni, nikamkuta amesimama mlangoni. Akaniuliza: “Yaya, juu ya nini unanisema mu radio?”

Siku ile nilikuwa nimesoma habari za mkutano wa wachimbaji. Yeye akashika kwamba katikati ya habari nililitaja jina lake, nikawaambia watu wote kwamba ni mwizi wa mifuko. Nilicheka. Nilifikiri ni mzaha. Kicheko kile kinanisumbua mpaka leo, kwa sababu yeye hakuwa anatania. Aliisikia kweli sauti yangu ikimtukana.

Baada ya hapo mambo yaliharibika polepole. Alitoa mawe ya redio ya mama na kuyazika uani. Aliacha kula bukari pamoja nasi, akisema imetiwa sumu. Usiku alijibizana na watu tusiowaona. Mama alisema: “Balimuloga mutoto yangu.” Majirani walisema wenzake wa shimoni wamemtoa ili wapate mawe mazuri. Wengine walisema ni bangi. Kila mtu alikuwa na jibu lake, lakini hakuna aliyemuuliza mwenyewe anasikia nini.

Tulimpeleka kwanza kwenye chumba cha maombi, halafu kwenye kituo kimoja cha afya. Huko walimpa vidonge vya Haldol. Siku ya tatu, jioni, shingo yake ilipinda upande, taya likakaza, macho yakageuka juu. Watu walijaa uani. Wakasema pepo limekasirishwa na dawa za wazungu. Na mimi, ninayesoma matangazo ya afya kila wiki, nilichukua vidonge vile nikavitupa chooni.

Tulimrudisha kwenye maombi. Safari hii walimfunga mguu kwa mnyororo ili asikimbie. Kidonda cha mnyororo ndicho kilichonifanya nikope pesa ya nauli. Tulisafiri naye kilomita karibu 300 mpaka Lubumbashi, kwa munganga wa magonjwa ya akili.

Munganga alitusikiliza kwa muda mrefu. Alipofika kwenye habari ya shingo, alitikisa kichwa. Akasema lile halikuwa pepo. Dawa ile inaweza kukaza misuli ya shingo, taya na macho katika siku za kwanza, zaidi kwa vijana wanaume. Iko sindano inayofungua misuli ndani ya muda mfupi, na viko vidonge vya kuzuia hali hiyo isirudi. Kama mtu angetuambia hayo mapema, kwa maneno matano tu, mdogo wangu asingefungwa mnyororo.

Ugonjwa wake unaitwa skizofrenia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu kwamba unawapata watu milioni 24 hivi duniani, yaani mtu 1 kati ya 300. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, wakati mzazi anapongojea mtoto aanze kusaidia nyumba. Hauchagui Mzungu wala Mwafrika, tajiri wala mchimbaji. Bangi nyingi inaweza kuongeza hatari, na urithi wa ukoo nao una nguvu, lakini hakuna sababu moja tu. Siku hizi watafiti wanachunguza chembe za urithi za watu wa Uganda, Kenya, Ethiopia na Afrika Kusini, katika utafiti unaoitwa NeuroGAP-Psychosis, kwa sababu zamani chembe za urithi zilizochunguzwa zilikuwa karibu zote za watu wa asili ya Ulaya.

Niliporudi nilianza kusoma, kama tulivyofundishwa kwenye masomo ya uandishi: uliza jambo limetoka wapi. Dawa ya kwanza ya namna hii, klorpromazini, ilitengenezwa Ufaransa mwaka 1950. Daktari mpasuaji, Henri Laborit, aliona kwamba inawatuliza wagonjwa bila kuwalaza kabisa. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa wa akili, na kelele za wodi zikapungua. Ndiyo ile Largactil ambayo wazee wetu wa hospitalini wanaijua.

Haldol nayo ilitoka Ubelgiji, mwaka 1958, katika maabara ya Paul Janssen. Hapo nilishangaa kidogo, maana baba yake, Constant Janssen, alianza biashara yake mwaka 1933 kwa ruhusa ya kuuza dawa za kampuni ya Hungaria huko Ubelgiji, Uholanzi na Kongo ya Wabelgiji. Kwa hiyo jina la nchi yetu lilikuwa kwenye karatasi za nyumba ile ya dawa tangu mwanzo. Hata hivyo, mama yangu hakuwahi kuelezwa dawa hiyo inafanya nini.

Inafanya hivi, jinsi nilivyoelewa. Ndani ya ubongo kuna kitu kinachoitwa dopamini, kinachopeleka habari kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kikizidi mahali fulani, jambo dogo linaonekana kubwa: mtu akikohoa njiani, unaona ni ishara juu yako, mtangazaji akisoma habari, unaona anakusema wewe. Dawa inaziba milango ambamo dopamini inaingilia. Haiondoi ugonjwa wote. Inapunguza sauti. Mdogo wangu aliniambia: “Bado zinaongea, yaya, lakini sasa ziko mbali kama redio ya jirani.”

Na maombi je? Nawajua wasomaji wangu, najua mtaniuliza. Nami ni mtu wa kanisa. Nchini Ghana, kwenye kambi moja ya maombi, watafiti waligawa wagonjwa 139 katika makundi mawili kwa kura. Wote waliendelea na maombi, lakini kundi moja lilipewa dawa pia. Baada ya wiki 6, waliopata dawa walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Lakini siku za kukaa kwenye minyororo hazikupungua kwa namna ya kuonekana. Kwa hiyo dawa na maombi vinaweza kukaa nyumba moja. Mnyororo hauondoki peke yake, sharti sisi watu tuufungue.

Sasa ni miaka miwili mdogo wangu anachomwa sindano moja kila mwezi, dawa inayokaa mwilini wiki 4 hivi. Hachimbi tena. Anauza vocha na kuchaji simu za watu, anakula nasi, anaoga bila kuambiwa. Lakini sitawadanganya. Amenenepa, mikono inatetemeka kidogo, na hacheki kama zamani. Mama akimtazama anasema amepona, basi tuache sindano. Juzi yeye mwenyewe aliniuliza: “Nitachomwa mpaka lini?”

Sikutaka kumjibu kama mtangazaji. Tulikaa chini, nikamwonyesha hesabu ya watafiti waliokusanya majaribio 65, iliyotolewa mwaka 2012. Katika mwaka mmoja, kati ya watu 100 waliobadilishiwa dawa wakapewa vidonge bure, ugonjwa uliwarudia 64. Kati ya 100 walioendelea na dawa, uliwarudia 27. Akaitazama ile karatasi. “Kumbe hata mwenye dawa unaweza kumrudia,” akasema. Ndiyo. “Na asiye na dawa anaweza kubaki mzima.” Ndiyo pia. Akanyamaza, kisha akasema: “Basi tumuulize munganga kama anaweza kupunguza. Kuacha, hapana. Sitaki kukusikia tena ukinitukana.”

Tumepatana hivyo. Mwezi ujao tunakwenda wote watatu, na mama, ili naye asikie kwa masikio yake.

Ndugu msomaji, kama una mtoto anayeongea na watu usiowaona, usicheke kama nilivyocheka. Muulize anasikia nini. Ukipewa dawa, uliza: inaweza kumfanya nini siku za kwanza, na ikitokea nikimbilie wapi? Usiiache peke yako, hata akionekana mzima. Na kama amefungwa mnyororo, anza na huo.

Siku hizi nikimaliza habari za jioni, mdogo wangu ananiandikia ujumbe kwenye simu. Huandika neno moja tu: “Sikutajwa.” Nami namjibu: “Hapana, hukutajwa.”