Kamera Yangu Ndogo

Msomaji, watu wengi huamini ya kuwa kazi njema hutoka katika chombo cha thamani. Mshoni mchanga hutamani cherehani mpya, mwandishi mchanga hutamani kalamu ya dhahabu, na mpigapicha mchanga hutamani kamera nzito yenye lenzi ndefu kama mzinga. Mimi nami nilikuwa katika kundi hilo. Nilidhani picha hununuliwa dukani pamoja na kamera. Kumbe dukani huuzwa kamera tu, na picha mtu huitafuta mwenyewe. Nataka kukusimulia jinsi nilivyojifunza jambo hili, kwa sababu mimi nililipa gharama kubwa, na wewe waweza kulipata bure.

Mwaka 2009, nilipokuwa mwalimu kijana, nilinunua kamera ndogo ya dijitali huko Mombasa. Ilikuwa imekwisha tumiwa na mtu mwingine, na rangi yake ilikuwa imechubuka pembeni. Iliingia katika mfuko wa shati bila ya kuuvimbisha. Lenzi yake ilitokeza ilipowashwa na kujirudisha ndani ilipozimwa, mfano wa kobe na kichwa chake. Kipande kinachopokea nuru ndani ya kamera za namna ile ni kidogo mno: upana wake ni milimita 6 hivi, na kimo chake milimita 4 na nusu, hali mkanda wa filamu uliotumiwa zamani na wapigapicha wengi ulikuwa na picha za milimita 36 kwa 24. Kwa hiyo chombo changu kilitaka mwanga mwingi, na gizani kilitoa picha zenye chembechembe kama mchanga. Wakati ule sikuyajua hayo. Nilijua kubonyeza tu.

Katika likizo ya mwezi wa Agosti nilikwenda kumwamkia mjomba wangu huko Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu kinachosifika kwa uundaji wa vyombo vya bahari. Mjomba alikuwa fundi wa kazi hiyo. Kwa tezo, msumeno na keekee alikuwa ameunda mashua nyingi kuliko vidole vyake vya mikono na miguu. Siku zile alikuwa amemaliza mashua ambayo aliiita ya mwisho, maana macho yake yalikuwa yameanza kumkimbia. Ilikwisha kalafatiwa na kupakwa mafuta, ikawa inangoja bamvua tu ishushwe majini. Aliponiona na kamera alifurahi sana. Akasema, "Mwanangu, vyombo vyangu vyote vimekwenda na watu. Sina hata kimoja cha kuwaonyesha wajukuu. Hiki kitie katika picha, na mimi nikiwa kando yake."

Nikakubali kwa majivuno ya mtu asiyejua asichokijua.

Mashua ilishushwa alasiri, maji yalipojaa. Wanaume walishika kamba, wengine wakaegemeza mabega yao ubavuni mwa chombo, na mwitikio wa wimbo wao ukaifanya mbao ile nzito isogee kama kitu chenye hiari. Nami nilikuwa nikirukaruka huku na huko, nikibonyeza bila ya kupumzika. Mashua ilipogusa maji nilikuwa nimepiga picha 214. Niliona kuwa katika wingi huo sitakosa zilizo njema, kama mvuvi anayetupa jarife kubwa na kusema samaki hana pa kupita.

Siku ya pili nilikwenda mjini Lamu, nikazifungua picha zile katika kompyuta, na moyo wangu ukaanguka. Jua la alasiri lilikuwa upande wa bahari, nami nilisimama upande wa nchi kavu nikilitazama. Kamera ilipima mng'ao wa maji na mbingu, ikapunguza nuru, na watu wote wakageuka vivuli vyeusi. Picha nyingine zilitikisika kwa sababu nilipiga huku nikitembea. Nyingine nilizivuta karibu kupita uwezo wa lenzi, na kuvuta kwa namna hiyo si kusogea: ni kukata kipande cha picha na kukitanua, mpaka uso wa mtu ufanane na ukuta wenye ukungu. Nilichagua 6 zilizo afadhali, nikazichapisha, nikazirudisha kijijini.

Mjomba alizisogeza karibu na macho moja baada ya moja. Halafu akauliza kwa upole, "Huyu aliye mbele ya jua ni nani?"

Nikamjibu, "Ni wewe, mjomba."

"Basi uso wangu uko wapi?"

Nililaumu jua. Kisha nililaumu kamera kwa udogo wake na ukuukuu wake. Mjomba akatabasamu akasema, "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Akanyosha mkono akachukua tezo yake, ambayo mpini wake ulikuwa umebadilishwa mara nyingi, akaendelea, "Hii nayo ni ndogo, na ni kuukuu kuliko wewe. Fundi huutazama ubao kwanza, ndipo akainua tezo. Ukiinua kwanza, utakachotazama baadaye ni hasara."

Hapakuwa na njia ya kurudia. Mashua ilikuwa imekwisha chukuliwa na mwenyewe, na chombo hakishushwi majini mara mbili kwa ajili ya mtu aliyekosea kusimama. Nilirudi kazini Mombasa na aibu yangu, nikajiwekea sheria: kwa muda wa mwaka mmoja, kila siku nitapiga kitu kimoja tu, na kitu hicho hakitapata picha zaidi ya 5. Mchagua jembe si mkulima. Nikaazimia kulima na jembe nililo nalo.

Jambo la kwanza nililojifunza ni nuru. Sisi tunaokaa karibu na ikweta tuna jua linalopanda upesi na kuzama upesi. Saa moja baada ya mapambazuko nuru yake hulala ubavuni mwa vitu na kuonyesha kila mkunjo. Ifikapo saa sita mchana jua liko utosini, na macho ya watu huzama katika vivuli vya nyusi zao. Nilijifunza kuamka mapema. Nilijifunza vile vile ya kuwa mchana wa jua kali si wa kutupwa, maana kivuli cha baraza, cha mwembe au cha kichochoro chenye kuta nyeupe kina nuru laini inayoupendeza uso wa binadamu.

La pili ni mkono. Kamera ndogo ni nyepesi, na kitu chepesi hutikisika. Nilibana viwiko vyangu mbavuni, nikaegemea ukuta au mlango, nikatoa pumzi polepole kabla ya kubonyeza. Nikagundua pia kuwa kitufe cha kupigia kina hatua mbili: ukikibonyeza nusu, kamera hulenga na kupima nuru, ukimalizia, hupiga. Miezi yote ya mwanzo nilikuwa nikikipiga kwa pigo moja, kama mtu anayegonga msumari.

La tatu ni hesabu ya nuru. Katika kamera nyingi ipo alama ya kujumlisha na kutoa. Mtu aliyevaa kanzu nyeupe huidanganya kamera. Nayo, kwa kuiogopa weupe ile, huutia giza uso wake. Ukijumlisha kidogo, uso hurudi. Na mtu akisimama na jua nyuma yake, ile taa ndogo ya kamera, ambayo wengi hudhani ni ya usiku, huweza kumwangaza mchana kweupe, mradi asiwe mbali zaidi ya mita 3 hivi. Dawa ya picha za mjomba ilikuwa mfukoni mwangu siku ile. Nami sikujua kuwa ninayo.

La nne ni ukaribu. Nilikoma kuvuta kwa kitufe nikaanza kusogea kwa miguu, na kila niliposogea nililazimika kuamkia, kueleza nia yangu na kuomba ruhusa. Wako waliokataa, na kukataa kwao nilikuheshimu, maana uso wa mtu ni mali yake. Waliokubali walinipa zaidi ya picha.

Huenda ukauliza, msomaji, mtu apate wapi mambo ya kupiga kila siku kwa mwaka mzima? Swali hili lilinitesa majuma matatu ya kwanza. Niliona mtaa wangu hauna kitu. Halafu siku moja ya mvua, kwa kukosa pa kwenda, nilikaa jikoni nikaitazama mbuzi ya kukunia nazi. Niliiona meno yake, niliona mahali ambapo ubao umelika kwa kukaliwa na watu wa nyumba ile, na niliona chicha moja nyeupe iliyosahauliwa kwenye chuma. Picha ile haikuwa na jambo lolote kubwa, lakini ilikuwa ya kwanza ambayo niliitazama kabla ya kuipiga. Tangu siku hiyo mtaa wangu ulijaa vitu.

Nilitafuta moyo katika maisha ya waliotutangulia pia. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1943, alianza utotoni na kamera kuukuu ya aina ya Box Brownie, ambayo ni kisanduku tu chenye lenzi. Mwaka 1984 filamu aliyoipiga ya njaa ya Ethiopia iliitikisa dunia, na misaada ikamiminika. Alifariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Ngazija. Hata kamera ya dijitali yenyewe ilianza kwa unyonge: ile ya kwanza, iliyoundwa na mhandisi Steven Sasson huko Marekani mwaka 1975, ilichukua sekunde 23 kuweka picha moja isiyo na rangi, yenye nukta 10,000 tu. Kamera yangu iliyochubuka ilikuwa na nukta milioni 10. Ningelalamika kwa nani?

Mwezi wa Desemba 2010 nilirudi Matondoni. Siku mbili za mwanzo sikuitoa kamera mfukoni. Nilikaa na mjomba barazani, nikamsikiliza, na nikatazama nuru inavyoingia mlangoni na kuhama. Siku ya tatu, asubuhi, alikuwa ameketi karibu na mlango akiinoa tezo yake, ingawa hakuwa tena na chombo cha kuunda. Nuru ilimjia ubavuni. Nilimwomba ruhusa, nikapiga magoti, nikabana viwiko, nikajumlisha kidogo kwa sababu ya fulana yake nyeupe. Nilipiga picha 3.

Nilipomletea ile iliyo bora aliishika kwa muda mrefu. Akasema, "Huyu namjua."

Mjomba alifariki mwaka 2012. Wakati wa msiba tulitafuta picha zake, na katika umri wote ule tuliona mbili tu: ile ndogo ya kitambulisho, na ile ya mlangoni. Ya mlangoni ndiyo iliyotundikwa ukutani, na wajukuu huonyeshwa. Lakini watoto wale wanapouliza mashua ya mwisho ya babu yao ilikuwaje, hatuna cha kuwaonyesha ila vivuli mbele ya jua. Hasara ile sikuweza kuilipa, na ustadi nilioupata baadaye haukuirudisha.

Msomaji, huenda wewe huna kamera, lakini aghalabu iko simu nyumbani kwenu, nayo ina lenzi ndogo kama yangu. Usingoje iliyo kubwa zaidi. Futa kioo cha lenzi kwa kitambaa safi, tazama nuru inatoka wapi, sogea kwa miguu, omba ruhusa, tuliza mkono. Na ukikosea, uliza kosa liko wapi kabla ya kulaumu jua. Yuko mzee mmoja karibu nawe, pengine katika nyumba yako mwenyewe, ambaye uso wake haujapata kutiwa katika picha na mtu aliyemtazama kwanza. Anza na huyo, na anza asubuhi.