Waje Pamoja

Katika miaka ya 1990, mkoani Kagera, msiba ulikuwa na shughuli mbili. Kwanza kuzika, kisha, waombolezaji wakishapungua, ukoo ulikaa kikao kuamua nani amchukue mtoto yupi. Ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, ulikuwa umechukua baba na mama katika nyumba nyingi. Binti mkubwa alikwenda kwa shangazi wa mjini kusaidia kazi. Kijana mwenye nguvu alichukuliwa na baba mdogo mwenye ng'ombe. Kitindamimba alibaki kwa bibi. Ukoo ulibeba mzigo mzito mno, na heshima yake haipaswi kupunguzwa. Lakini tukiitazama upya miaka ile, naamini tulikosea pale pale kikaoni: watoto waliokwisha kufiwa na wazazi walinyang'anywa hata ndugu zao wa tumbo moja, tena na watu waliowapenda.

Hasara ya kufiwa yenyewe inajulikana. Watafiti Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walifuatilia watoto wa Kagera tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 2004, na wakaona kwamba waliofiwa na mama walipungukiwa karibu sentimita 2 za urefu wao wa utu uzima na takriban mwaka mmoja wa shule. Utafiti mwingine, wa Anne Case na wenzake, uliochapishwa mwaka 2004, ulichambua takwimu za nchi 10 za Afrika na kukuta jambo linalouma zaidi. Yatima alikuwa na nafasi ndogo ya kuwa shuleni kuliko watoto wasio yatima aliokuwa akiishi nao nyumba moja, na kadiri undugu wake na mkuu wa kaya ulivyokuwa wa mbali, ndivyo nafasi hiyo ilivyopungua. Umaskini peke yake hauelezi tofauti hiyo, kwa sababu chungu kilikuwa kimoja. Kilichopungua ni mtu wa kumsemea.

Hapo ndipo ndugu anapokuwa na thamani isiyo na mbadala. Watu husema yatima hadeki. Kwa dada yake, hudeka. Watazame watoto wawili wanaoanza maisha katika nyumba ngeni: mkubwa hula polepole, jicho kwenye sahani ya mdogo wake, na hashibi mpaka ahakikishe yule ameshiba. Mdogo akiamka usiku analia, dada anajua kama ni ndoto, njaa au kiu, wakati mama mlezi bado anabahatisha. Wakiwa pamoja wanaleta kipande cha nyumba yao ya kwanza, na juu ya kipande hicho familia mpya inaweza kujenga. Mtoto aliyekuja peke yake huanza bila msingi, na hana shahidi akionewa.

Wapo wanaosema watoto wanne ni wengi kwa nyumba moja. Hoja hii ni ya kweli, na haijibiwi kwa mahubiri. Lakini msaada wa ukoo unaweza kuwafuata watoto badala ya watoto kuufuata msaada: shangazi wa mjini akatuma ada, baba mdogo akatoa maziwa na mahindi, nao wakakaa kwa mmoja. Ikishindikana kabisa, basi nyumba ziwe jirani na shule iwe moja. Tena si kila undugu ni salama; mtoto anayemwumiza mwenzake lazima atenganishwe naye. Hiyo ndiyo hali ya kipekee, na isigeuzwe kuwa desturi.

Wengine huhofu kwamba watoto waliokuja pamoja watamtaja marehemu mama yao kila siku na hawatawapokea wazazi wapya. Wanawake wa Uganda walilijibu hili mapema. Chama cha NACWOLA, kilichoundwa mwaka 1992 na wanawake wanaoishi na VVU, kiliwasaidia mama kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ulizaliwa wapi, jina lako lilitoka kwa nani, ukoo wako ni upi. Walielewa kwamba mtoto anayejua alikotoka hana haja ya kumwogopa anayempokea. Ndugu ni kitabu cha namna hiyo chenye uhai, nacho kinaweza kusomwa kila siku.

Fikra zimebadilika. Mwaka 2009 Tanzania ilitunga Sheria ya Mtoto, inayoweka utaratibu wa malezi ya kambo na wa kuasili. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliridhia miongozo ya malezi mbadala inayotaka ndugu wasitenganishwe bila sababu nzito inayolinda maslahi yao. Na dawa za kufubaza virusi, zilizoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, zimewaacha wazazi wengi hai. Ukoo wa miaka ya 1990 uligawa watoto ukiwa umezidiwa na misiba. Sisi hatuna udhuru huo. Basi kikao cha leo, kiwe cha ukoo au cha afisa ustawi wa jamii, kisianze kwa kuuliza nani atamchukua yupi. Kiulize ni nyumba ipi itawapokea wote, na sisi wengine tutaisaidiaje.