Mume Wangu, Mimi na GRE ya Pili

Kama hujawahi kuishi nyumba moja na mtu mzima aliyepata alama asizozitarajia, shukuru Mungu. Mtoto wa darasa la saba akifeli analia, anakula, analala, yanaisha. Mwanaume wa miaka 35 mwenye digrii na kazi yake hasemi kitu. Anatengeneza pikipiki. Wa kwangu alitengeneza pikipiki ambayo haikuwa mbovu siku nne mfululizo, na mimi nikajua hapa kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa GRE, ule mtihani wa shirika la ETS la Marekani ambao vyuo vya kule huutumia kuchuja wanaoomba masta na PhD. Sehemu ya lugha inahesabiwa kuanzia 130 hadi 170, ya hesabu vilevile. Yeye alipata 154 ya lugha na 148 ya hesabu. Idara aliyoilenga, ya ikolojia ya wanyamapori, bado ilikuwa inaudai mtihani huo, ingawa tangu 2020 vyuo vingi vimeacha kuulazimisha. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kabla hujatoa zaidi ya dola 200 za ada, ingia kwanza kwenye ukurasa wa idara yako uone kama wanautaka kweli. Kuna watu wanalipa bure!

Mtu atauliza, ikolojia na Wamarekani vinahusiana vipi na sisi watu wa Mara? Nyumbani kwetu ni Tarime, lakini kazi yake iko Mugumu, wilaya ya Serengeti, na ukikaa Mugumu swali hilo huulizi. Utafiti wa simba wa Serengeti ulianzishwa na George Schaller mwaka 1966, na kuanzia 1978 ukawa chini ya Craig Packer wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Vijana wa huku wamekua wakiona magari ya watafiti yakipita na vumbi lake. Anayewabebea vifaa ipo siku atajiuliza, kwani hiyo tasnifu siwezi kuiandika mimi?

Basi bwana, aliponionyesha ile namba akaongeza, "Mama watoto, hesabu si zangu. Tuachane nazo."

Hapo kwenye "tuachane nazo" palikuwa na hela ndani yake. Tulikuwa na nyumba imefika kwenye lenta, na akiba ya bati. Kurudia mtihani maana yake ni kuchota humo. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alikuwa kila jioni anaangalia mawingu halafu ananiangalia mimi. "Mwanangu, hizo bati zinakuja lini? Mvua haina subira."

ETS inaruhusu kurudia baada ya siku 21, na si zaidi ya mara tano ndani ya miezi 12. Hasira zilipompanda akataka kurudi siku ya 22. Nikamwambia Baba watoto, siku 21 zinatosha kupona mafua, hazitoshi kujifunza asilimia. Tukakubaliana miezi mitatu.

Kitu cha kwanza tulichogundua kilimshangaza mwenyewe. Hesabu za GRE hazina kalkulasi. Ni hesabu za kawaida, aljebra, jiometri na takwimu kidogo, karibu zote ulishakutana nazo hadi kidato cha nne. Yeye alisoma CBG na BAM akaipita. Sasa tatizo lilikuwa nini?

Ripoti ya matokeo inakupa namba, haikuonyeshi maswali uliyokosa. Akanunua daftari la kaunta la kawaida, akayarudia maswali ya mazoezi, na kila kosa akaliandika pamoja na sababu yake: sikujua, nilikimbilia, au sikuelewa Kiingereza chake. Baada ya wiki tatu makosa yalikuwa 41. Ya "sikujua" yalikuwa tisa tu! Mengi yalikuwa ya kukimbilia, na kumi na tisa yalitoka kwenye aina moja ya swali, lile la kulinganisha viwango viwili.

Jaribu na wewe. Kiasi cha kwanza ni x mara x. Kiasi cha pili ni x. Kipi kikubwa? Mume wangu alikuwa anajibu cha kwanza, haraka haraka, maana mbili mara mbili ni nne. Sasa weka nusu. Nusu mara nusu ni robo, imekuwa ndogo. Weka moja, vinalingana. Jibu sahihi ni kwamba haiwezekani kujua, na mtunga swali anakusubiri hapohapo. Tangu siku hiyo akawa na wimbo wake: sifuri, moja, nusu, hasi. Namkuta bafuni anaoga, "sifuri, moja, nusu, hasi." Mtoto naye akaudaka.

La pili lilikuwa muda. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa, sasa hauzidi saa mbili. Kipande cha kwanza cha hesabu kina maswali 12 kwa dakika 21, cha pili 15 kwa dakika 26, na ugumu wa cha pili unategemea ulivyofanya cha kwanza. Yeye alikuwa anang'ang'ania swali moja dakika nne kama anapigana nalo. Tukaweka sheria: dakika mbili zikipita, bahatisha, liwekee alama, songa mbele, utarudi. Jibu la kukosea halipunguzi alama. Kazi ya saa nikapewa mimi, kila Jumapili jioni mtoto akilala, simu mkononi, na TANESCO nao wakiamua kutuacha gizani tunaendelea na tochi. Lugha hatukuisumbukia sana, alisoma tu makala ndefu na kunieleza mwandishi anabishana na nani. Hiyo ndiyo kazi yangu ofisini, kwa hiyo sikumwonea huruma.

Mwezi wa pili ndipo tulipogombana. Nilikuwa nimemwambia, "Muda umekwisha." Akaweka kalamu chini akaniuliza, "Hivi wewe unataka niende?"

Nilikaa kimya. PhD kule ni miaka mitano hivi. Kila Jumapili nilikuwa nashika saa ili mume wangu aweze kuondoka, na hakuna aliyekuwa amelisema hilo kwa sauti. Nikamwambia sijui. Ninachojua ni kwamba sitaki ubaki kwa sababu ya hesabu. Akaiokota kalamu. Usiku ule tulizungumza mpaka jogoo akawika, mambo ya mimi kufuata au kubaki, ya mama, ya mtoto kusoma wapi, mambo ambayo tulipaswa kuyazungumza hata kama GRE isingekuwepo duniani.

Mara ya kwanza alifanyia Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kitako kwenye basi, kesho yake asubuhi yuko mbele ya kompyuta. Kufanyia nyumbani kunaruhusiwa tangu 2020, lakini unahitaji chumba cha peke yako, kamera, msimamizi anayekuangalia kupitia mtandao, na intaneti isiyokatika. Nimeshakutajia tochi. Safari hii akavuka Sirari, akapita Kisii na Narok hadi Nairobi, pasipoti mfukoni (ukifanyia nje ya nchi yako bila hiyo hupokelewi), akalala huko siku mbili kabla.

Alama za lugha na hesabu zinatokea kwenye skrini ukimaliza tu. Ujumbe ukaingia nikiwa sokoni: 155, 158. Nilisahau chenji.

ETS inakuacha uchague alama za siku ipi zitumwe chuoni, kwa hiyo ile 148 imebaki kwenye daftari la kaunta. Maombi yalikwenda Desemba, bado tunasubiri. Nyumba imeezekwa nusu, sebule na vyumba viwili. Mama mkwe amehamia kile cha upande wa barabara, na simu ikiita anauliza kama ni Wamarekani.