Popo wa Kasanka, Wageni wa Msimu wa Mvua

Katika Mkoa wa Kati wa Zambia, kaskazini ya Serenje ambako treni ya TAZARA hupita ikitoka Dar es Salaam kwenda Kapiri Mposhi, iko Mbuga ya Taifa ya Kasanka. Ni mbuga ndogo, yapata kilomita za mraba 390 tu, na ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1972. Si mbali na hapo ni Chitambo, mahali alipofariki David Livingstone mwaka 1873, ambako Chuma na Susi na wenzao waliuchukua mwili wake na kwenda nao kwa miguu hadi Bagamoyo. Kwa sehemu kubwa ya mwaka wageni wa Kasanka huwa ni wachache. Huja kumtazama nzohe, yule swala apendaye vinamasi, kisha huenda zao.

Ifikapo katikati ya Oktoba mambo hubadilika. Katika kipande cha msitu wa majimaji ambao wenyeji huuita mushitu, popo huanza kuwasili, kwanza mamia, kisha maelfu, na mwezi wa Novemba miti yote huwa imefunikwa nao tangu vileleni hadi karibu na shina. Matawi huvunjika kwa uzito. Chini yake mamba na chatu hungojea waangukao, na juu tai huzunguka. Jua likizama, popo wote huondoka pamoja, na kwa muda wa karibu nusu saa mbingu huwa kama moshi utembeao. Walio juu ya kibanda cha Fibwe, kilichojengwa katika mti mkubwa wa mkangazi, husikia vuma la mabawa kabla ya kuona chochote.

Huyu si popo yule mdogo wa darini, alaye mbu na kuongozwa na mwangwi wa sauti yake. Ni popo mla matunda, mwenye manyoya ya rangi ya majani makavu na mabawa ambayo yakikunjuliwa hufikia robo tatu za meta. Huongozwa na macho na pua. Matunda huyatafuna, akanyonya maji yake na kutema makapi, na yawezekana ndiyo sababu watoto huambiwa kwamba popo hujisaidia kwa mdomo. Mbegu ndogo humezwa na kuangushwa mbali. Huko Ghana wataalamu waliwafunga popo wa aina hii vyombo vya kuonyesha mahali walipo, wakakadiria kwamba mbegu ndogo yaweza kusafirishwa hata kilomita 75 kutoka kwenye mti wake. Ndege gani afanyaye kazi hiyo usiku mmoja?

Kinachowavuta Kasanka ni chakula. Mvua za kwanza huivisha makusu na zambarau za mwituni katika misitu ya miombo, na popo huruka makumi ya kilomita kila usiku kuyafuata. Watokako kulijulikana baadaye. Wataalamu waliwafunga popo wanne vyombo vya setilaiti, na taarifa iliyochapishwa mwaka 2008 ilionyesha kwamba walipoondoka walielekea kaskazini-magharibi, wakavuka mpaka na kuingia Kongo. Mmoja alifika zaidi ya kilomita 1,900 kutoka Kasanka.

Hesabu yao imeleta ubishi. Kwa miaka mingi ilisemwa kuwa ni milioni nane, au kumi. Mwaka 2023 ikachapishwa hesabu iliyofanywa kwa kamera zilizozunguka msitu na kompyuta iliyowahesabu popo mmoja mmoja walipotoka, nayo ikatoa idadi kati ya 750,000 na milioni moja. Haifai mtu kuharakisha kusema kwamba mamilioni wamekufa, kwa kuwa makadirio ya zamani yalikuwa ya macho tu. Hata hivyo, hesabu hiyo yaonyesha kwamba hazina hii si kubwa kama ilivyodhaniwa.

Jambo lililo zito zaidi lilitoka kwenye chembe za urithi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013, uliolinganisha popo wa Ghana, Uganda, Kenya, Tanzania, Malawi na Zambia, haukuona mipaka ya koo baina yao. Huoana bara zima, wakawa jamii moja. Ni wale wa visiwa vya mbali vya Ghuba ya Guinea, kama Annobón, waliotengwa na bahari wakawa na ukoo wao. Kwa hiyo msitu ukiteketea Zambia, hasara hiyo haiishii Zambia. Uchunguzi huo huo uliona katika damu ya popo dalili za virusi vilivyoenea kote watembeako.

Moto wa kiangazi hula kingo za mushitu kila unapoachiwa, na kwa sababu hiyo walinzi hufyeka njia za kuuzuia. Jingine ni gumu kuliko moto. Miombo iliyo nje ya mbuga, ambako popo hupata sehemu kubwa ya chakula chao, imefyekwa katika miaka ya karibuni kwa mashamba makubwa. Wanavijiji wa pembezoni nao wanahitaji ardhi, kuni na mkaa, na si haki kuwaambia walinde matunda ya popo ilhali fedha za watalii hawazioni.

Atakaye kuwaona na aende Novemba au mwanzoni mwa Desemba, akipita barabara ya Serenje kwenda Mansa. Popo aliyeanguka asiguswe wala kuliwa, hata akionekana mzima. Mwaka mpya ukiingia, wengi huwa wamekwisha kuondoka.