Mgeni Alishwe Chakula cha Kwetu

Italia, mkulima anayelaza wageni shambani kwake anafuata sheria ya mwaka 1985, iliyoandikwa upya 2006. Mpango huo unaitwa agriturismo, na sehemu kubwa ya chakula anachowapa wageni lazima itoke shambani kwake au kwa wakulima wa eneo lile. Ninaishi Bologna, na nyumba hizo za milimani nazipenda mno. Vyumba ni vya kawaida kabisa: kuta za mawe, kitanda cha mbao, basi. Lakini mezani unaletewa jibini ya mbuzi uliowasikia wakilia asubuhi, na mama mwenye nyumba anakueleza kila kitu kimetoka wapi. Anajivunia.

Nilipokuja nyumbani Kenya na marafiki wa Italia, tulianzia kwenye kambi moja ya Tsavo. Mahema, paa za makuti, tembo wanakuja kunywa maji usiku. Pazuri mno. Ila asubuhi tuliandaliwa soseji na maharage ya kopo, na jioni pasta. Watu wametoka Italia, wanalishwa pasta Tsavo! Niliumia kweli, maana Voi ipo pale pale, na Wataita wana kimanga chao cha mihogo na maharage ambacho hakuna mgeni aliyekionja.

Chakula walikipata Mombasa, kwenye bustani ya Mama Ngina ufukweni, nje, chini ya mibuyu, meli zikikata mkondo kuingia bandari ya Kilindini. Pale pametengenezwa upya na kufunguliwa 2019, na jioni familia zinajaa. Muuza mihogo anaitoa kwenye karai ingali inachemka mafuta, anaipasua katikati kwa kisu, anaipaka pilipili iliyochanganywa na chumvi, kisha anaikamulia ndimu. Mwenye madafu anakata kichwa cha dafu kwa panga. Ukimaliza maji, unamrudishia, analipasua na kukuchongea kijiko kutoka kwenye ganda lenyewe, ukombe ile nyama laini. Rafiki yangu mmoja alirudi mara tatu kwa kile kijiko. Kesho yake tulikwenda Mji wa Kale kunywa chai kwa mahamri na mbaazi za nazi, na wote wakataka kujua zinapikwaje.

Sasa kwa nini chakula hiki hakifiki kwenye meza za wenye kambi? Nimeambiwa mara nyingi kwamba tumbo la mzungu halikiwezi. Hawa walikula hadi wakashiba, na hakuna aliyeugua. Mimi naona tatizo ni kwamba wapishi wetu wanafundishwa kuwa chakula cha hoteli ni cha ng'ambo, na cha kwao wakale nyuma ya jiko. Nimeona wafanyakazi wa kambi ile ile wakila mchuzi unaonukia kuliko chochote tulichopakuliwa.

Unayeleta wageni Desemba, kabla hujalipia chumba uliza asubuhi kunapikwa nini. Ukiambiwa soseji, waombe mbaazi. Wanajua kuzipika.